TV ikikata ubeti wako jukwaani: jinsi bendi inavyojipanga kabla, siku yenyewe na baada

Naandika hii kwa bendi za huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea, yeyote anayepiga gitaa la umeme na ana wimbo unaosema kitu, na siku moja TV itakuja kurusha shoo yake. Mimi ni fundi sauti, nimekaa nyuma ya mixa miaka ya kutosha, na haya yalitukuta wenyewe.

Ilikuwa msimu wa korosho, bendi yetu ya rock, vijana wanne, tukaalikwa kwenye tamasha hapa Mtwara na kituo kimoja cha TV kikawa kinarusha laivu. Wimbo wetu wa tatu unamhusu mkulima aliyepeleka magunia ghalani, mnada ukapita, akabaki na karatasi mkononi anangoja hela mpaka shule zinafunguliwa. Ubeti wa pili ndo mkali. Uwanjani ulienda vizuri sana watu wakaimba na sisi. Usiku narudi Mikindani, kuna mjomba ana banda la kuonyesha mpira, alikuwa amerekodi kioo cha TV kwa simu kwasababu mpiga dramu wetu ni mpwa wake. Tukakaa kuangalia. Ubeti wa pili ukafika, dramu zinasikika, besi inasikika, gitaa linasikika, mdomo wa mwimbaji unafunguka na kufunga, sauti hakuna. Kamera ikahamia kwa watu waliokaa mbali kule nyuma. Kiitikio kilipoanza sauti ikarudi kama hakuna kilichotokea. Mjomba akaniuliza, "Fundi, maiki ilizima?" Haikuzima. Mixa nilikuwa nimeishika mimi na kwenye spika za uwanjani kila neno lilitoka.

Kesho yake tukapiga simu kituoni tukaambiwa ni hitilafu ya mitambo. Na sisi hatukuwa na rekodi yoyote ya kwetu ya kuweka mezani, hata moja, ubeti ule kama ulivyoimbwa usiku ule haupo tena popote. Hilo bado linaniuma mpaka leo na ndo sababu ya kuandika. Kama utasoma sehemu moja tu ya haya maelezo basi iwe hii: siku TV inakuja, nyie mrekodi kila kitu kivyenu, kwa waya wenu na kadi yenu, bila kutegemea gari la matangazo.

Kwanza jua wanakataje

Ukijua mkono unapita wapi utajua pa kuweka kinga. Mambo haya hayajaanza kwetu, wenzetu wa rock huko Marekani na Ulaya yamewapata miaka na miaka, na njia zenyewe ni zilezile.

Kuna kukatwa kabla hujapiga. Mei 1963 Bob Dylan alikuwa aimbe kwenye shoo ya Ed Sullivan, kituo cha CBS, akiwa mazoezini akaambiwa wimbo wake wa kukejeli kundi la siasa kali za kulia haufai, achague mwingine. Akabeba gitaa lake akaondoka. Mwaka 1967 CBS hiyohiyo ikakata wimbo wa Pete Seeger wa kupinga vita ya Vietnam kwenye kipindi cha ndugu wawili wachekeshaji, wale ndugu wakapiga kelele hawakuchoka, na Februari 1968 Seeger akarudi akauimba ukaenda hewani. Nakaa kwenye huu mfano kwasababu watu wengi wanadhani kikikatwa kimekatwa. Hapana, kuna wakati ukidai unapewa.

Kuna kuondolewa vitu jukwaani. Aprili 1996 bendi ya rock ya Rage Against the Machine walikuwa kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, kituo cha NBC, na mtangazaji mgeni wa usiku huo alikuwa bilionea Steve Forbes aliyekuwa ametoka kugombea kuteuliwa urais. Bendi ikatundika bendera za Marekani kichwa chini kwenye amplifaya zao, wafanyakazi wa kituo wakazing'oa muda mfupi kabla ya kupiga. Walitakiwa wapige nyimbo mbili, wakapiga moja tu wakatolewa kwenye jengo.

Kuna kuzimwa sauti, kama sisi. Agosti 2007 bendi ya Pearl Jam walikuwa tamasha la Lollapalooza pale Chicago, shoo inarushwa kwenye intaneti na kampuni ya simu ya AT&T, mwimbaji akachomeka mistari ya kumwambia George Bush aiache dunia, waliokuwa uwanjani wakasikia, waliokuwa kwenye kompyuta hawakusikia. Bendi wenyewe hawakujua mpaka mashabiki walipowaambia. Wakaandika kwenye tovuti yao neno kwa neno ni mistari gani imekosekana, na AT&T ikakubali kuwa ni kosa, lawama ikaenda kwa waliopewa kazi ya kuchuja.

Na kuna ile mbaya zaidi, kubadilishiwa kumbukumbu. Oktoba 1992 mwimbaji Sinéad O'Connor alichana picha ya Papa mbele ya kamera, laivu, kwenye Saturday Night Live hiyohiyo, kupinga watoto kudhulumiwa kanisani. Laivu haikuwezekana kuzuia ikatoka. Lakini kipindi kiliporudiwa baadaye kikawekwa kipande cha mazoezini, ambako alishika picha ya mtoto na hakuchana kitu. Yaani aliyetazama marudio aliona tukio ambalo halikuwa lile.

Na video vilevile, Machi 2003 vita ya Iraq inaanza, MTV Ulaya walisambaziana waraka wa ndani wa kutoonyesha video zenye wanajeshi, mabomu, ndege za vita na mambo kama hayo, na video ya bendi ya System of a Down ya kupinga ile vita ikawa miongoni mwa zilizotajwa.

Hapa kwetu usimuone dairekta wa kituo kama adui moja kwa moja. Januari 2018 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano na utangazaji, ilipiga vituo vitano vya TV faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa sababu ya taarifa tu waliyoirusha, na mwaka huohuo nyimbo kadhaa za bongo fleva zikapigwa marufuku redioni na kwenye TV. Yule anayekaa na kitufe anafikiria mshahara wake na leseni ya bosi wake. Ukielewa hofu yake utaongea naye vizuri zaidi, na kuongea vizuri ni nusu ya kazi.

Wiki mbili kabla: makaratasi

Omba mkataba kwa maandishi, hata kama ni wa ukurasa mmoja, na tafuta mstari unaosema kituo kina haki ya kuhariri. Mara nyingi utakuwepo. Usigombane kuufuta, hautafutwa, badala yake omba vitu vitatu viongezwe: kwamba bendi inaruhusiwa kurekodi yenyewe sauti na picha, kwamba mtapewa nakala ya rekodi ya kituo ndani ya siku kadhaa, na kwamba wakitaka kukata kitu wawaambie kabla. La kwanza ndo la kufa na kupona, mengine yakikataliwa usilie sana.

Hakikisha usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) uko sawa na kibali cha tamasha kipo, na wimbo umeandikishwa COSOTA, wale wa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata mpigaji jukwaani, sio mtunzi tu, kwahiyo rekodi ya shoo yako sio mali ya kila mtu. Alafu pitieni mashairi yenu kwa macho makavu. Kama mnasema hela zilichelewa, semeni zilichelewa, msimtaje mtu kwa jina kuwa kaiba kama hamna ushahidi, kwasababu hapo mnampa dairekta sababu halali ya kukata na mnampa mtu mwingine sababu ya kuwapeleka mahakamani.

Kuna watakaokuambia usiwaonyeshe mashairi, uwashtukize. Siku hizi sikubaliani nao. Mashairi yakishapelekwa na kupokelewa bila pingamizi, kesho hawawezi kusema walishtukizwa. Peleka kwa barua pepe, tunza hiyo barua pepe.

Siku yenyewe: waya

Hapa ndo pangu, nisikilizeni vizuri.

TV inachukua sauti kwa njia mbili. Ya kwanza wanakuja na boksi la kugawa nyaya, kila maiki inagawanyika, moja inaenda kwenye mixa yako moja kwenye gari lao. Sauti inatoka nzuri sana lakini inamaanisha mwimbaji ana chaneli yake peke yake kule garini, mtu anashusha feda moja (kile kitufe cha kusukuma juu na chini) na muziki unaendelea kama kawaida. Ndivyo tulivyofanywa. Ya pili unawapa nyaya mbili tu kutoka kwenye mixa yako, kushoto na kulia, kila kitu kimeshachanganywa. Wakitaka kuua sauti ya mwimbaji hapo inabidi waue muziki wote, na kimya cha sekunde kumi na tano kwenye TV kila mtu nyumbani anakiona.

Kwahiyo kama tamasha ni dogo na kituo sio kikubwa, wape kushoto na kulia. Waambie ukweli, kwamba ndo mnavyofanya kazi na mmeshapanga mchanganyo wenu. Vituo vingi vinavyokuja huku vinafurahi, ni kazi pungufu kwao.

Sasa rekodi yako. Mixa nyingi za dijitali zina tundu la flashi, unachomeka inarekodi sterio. Fomati flashi kwenye mixa yenyewe, usilete iliyojaa sinema. Hesabu yake ni rahisi, WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya sterio ya 48 kHz biti 16 inakula kama MB 11.5 kwa dakika, saa nzima haifiki MB 700, flashi ya GB 16 inakutosha ukesha na zaidi. Kama mixa ni ya zamani tafuta tundu la kutolea rekodi pale nyuma, peleka kwenye saundi kadi ya USB na kompyuta. Usichukue waya wa mixa ukauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu, mawimbi ya mixa ni makubwa kuliko yanayotegemewa na maiki ya simu, utapata sauti iliyopasuka mwanzo mwisho na hiyo haitengenezeki. Siku ya saundi cheki rekodi dakika mbili, chomoa, sikiliza kwenye kifaa kingine. Usiamini taa nyekundu peke yake.

Picha, simu mbili zinatosha. Moja mbele pembeni, moja nyuma kwenye stendi hapo kwenye mixa. Zima laini, weka hali ya ndege, kwasababu simu ikipigwa kuna simu zinakata rekodi. Futa vitu upate nafasi, video ya 1080 inaweza kula zaidi ya MB 100 kila dakika. Pawabenki iwe imejaa, umeme wetu mnaujua. Na huyo anayeshika simu asiwe shabiki wa kurukaruka, mpeni dada au kaka mtulivu anayejua kwamba ubeti wa pili hairuhusiwi kutikisika.

Kabla ya wimbo wa kwanza, kwenye jukwaa, mtu mmoja apige makofi mara moja mbele ya maiki huku simu zote na mixa vinarekodi. Kofi hilo moja litakusaidia kupanga kila kitu baadaye. Kumbuka sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, simu iliyo mita 34 kutoka kwenye spika inasikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, sio kosa la simu, utaisogeza tu kwenye kompyuta.

Mtu wa nne, na huyu ndo wengi wanamsahau, akae nyumbani au bandani arekodi TV yenyewe. Ving'amuzi vingine vina kitufe cha kurekodi kwenye USB lakini faili lake mara nyingi linafunguka kwenye king'amuzi kilekile tu, kwahiyo fanya kama mjomba, simu mbele ya kioo, na weka saa ya ukutani pembeni ionekane kwenye picha.

Kama mna bando na mtandao unakubali, mmoja arushe laivu kwa simu. Juni 2025 kwenye tamasha la Glastonbury kule Uingereza, BBC waliamua kutorusha laivu shoo ya kundi la rap la Kneecap, shabiki mmoja aliyekuwa uwanjani akainua simu yake akairusha kwenye TikTok, wakatazama watu zaidi ya milioni 1. Mkono wake tu na simu. Ila kwetu mtandao unalala palipo na watu wengi, kwahiyo laivu iwe nyongeza, rekodi ya kwenye kadi ndo msingi.

Usiku huohuo

Kabla ya kula. Kabla ya kupiga picha na mashabiki. Flashi inatoka kwenye mixa inaenda kwenye kompyuta, inanakiliwa, ile ya asili inawekwa mbali haiguswi wala haibadilishwi jina. Kadi za simu vilevile. Nakala moja ibaki kwa fundi, moja kwa kiongozi wa bendi, moja kwa mtu ambaye hayupo kwenye bendi kabisa, mama wa mtu, bibi wa mtu. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video inabanwa na sauti inaharibika na tarehe ya faili inapotea, na hiyo tarehe utaihitaji.

Ukigundua kimekatwa

Usipost kwa hasira. Najua hiyo hasira, nilikuwa nayo, lakini kwanza thibitisha.

Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ni ya bure, weka rekodi yako juu na ya TV chini, zioanishe kwa kofi au kwa pigo la kwanza la dramu. Sasa angalia vitu viwili. Urefu: kutoka pigo la kwanza mpaka la mwisho la wimbo, kwako ni dakika 4 na sekunde 22, kwa TV ni dakika 4 na sekunde 10, basi sekunde 12 zimerukwa, maana "laivu" nyingi sio laivu kamili, zinachelewa sekunde kadhaa makusudi ili mtu apate muda wa kubonyeza. Wiki moja baada ya ile sekeseke ya Super Bowl (fainali ya futiboli ya Kimarekani) ya Februari 2004, pale titi la mwimbaji Janet Jackson lilipoonekana laivu, CBS walirusha tuzo za Grammy kwa kuchelewesha dakika tano nzima. Kama urefu ni sawa lakini sauti ya mtu haipo, hapo ni feda imeshushwa.

Alafu tenganisha mkono wa mtu na ubovu wa waya, hii ni haki kwa kituo na ni kinga kwako. Waya mbovu unakoroma, unakata katikati ya silabi, unarudi popote unapotaka, na mara nyingi unasumbua nyimbo nyingine pia. Mkono unashuka laini, unaanza kwenye neno la kwanza la ubeti na unarudi kwenye neno la kwanza la kiitikio. Ya kwetu ilirudi kwenye neno la kwanza la kiitikio. Simu ya mjomba ndo iliniambia hilo, lakini bila rekodi ya upande wetu lilibaki kuwa neno langu na neno lao.

Chukua daftari andika: saa ya ukutani, dakika ya wimbo, maneno yaliyokosekana, picha ilionyesha nini wakati huo. Usiandike "walituhujumu", andika kilichotokea. Peleka kituoni kwa barua yenye tarehe, waombe maelezo na rekodi yao, wape siku za kujibu. Wasipojibu au wakijibu ovyo, TCRA wana Kamati ya Maudhui, malalamiko yanapokelewa pale, na kituo ndo kinatakiwa kujieleza. Inachukua muda. Usitegemee muujiza, ila karatasi yako ipo kwenye faili lao. Na mambo hubadilika, Machi 2017 wimbo wa Nay wa Mitego ulifungiwa na mwenyewe akakamatwa, haikupita siku nyingi waziri akatangaza uachiwe upigwe, rais mwenyewe kaupenda.

Kuupost wenyewe mnaweza, rekodi ni yenu na mkataba unawaruhusu, kwenye ukurasa wa bendi. Ukitaka kugeuza ukurasa kuwa TV ya mtandaoni ya habari hapo ni habari nyingine, inataka leseni ya TCRA, kwahiyo soma kanuni za maudhui mtandaoni kwanza. Weka wimbo wote, sio kipande kilichokatwa tu, watu wasikie kisa kizima cha huyo mkulima.

Na warudishieni waliotazama. Wamakonde tuna mapiko, ngoma ya barakoa, na barakoa inaweza kumcheza mtu kwa kejeli mbele ya kijiji kizima, kwahiyo jambo hili la kuambiana hadharani sio geni huku. Ombeni ruhusa serikali ya mtaa, kodisheni banda lilelile walilotazamia TV, jioni baada ya swala, kiingilio bure. Spika moja inatosha, sauti iwe ya wastani, watu wasikie maneno. Anzeni na ile ya TV, ubeti uliokatwa upite hivyohivyo na ukimya wake, alafu wekeni ya kwenu kuanzia mwanzo, na katikati ya hizo mbili msiseme kitu.